Shayiri Ndani ya Jeneza

*Stanmere, Mwezi wa Damu, siku ya tatu ya kuchinja mifugo, mwaka wa kwanza*

Dada yangu mpenzi Hildrun,

Salamu nyingi zikufikie huko Alrey, wewe na watawa wako wote. Mimi huku ni mzima wa mwili, hofu yangu ni kwako na kwa hicho kifua chako kinachobana kila baridi inaposhika. Je, ile dawa ya mtawa wenu Kenwyn unaimeza, au bado unawagawia wenzako ukijifanya umepona?

Ama baada ya salamu, najua habari zimeshakufikia. Kaka yetu Aldmer hatunaye. Watu wa magharibi walimvizia kwenye kivuko cha mto Wena alipokuwa akienda kuzungumza nao amani, wakamuua. Beornmod, jemadari wake, ndiye aliyerudi na maiti. Tumemzika kando ya kanisa, karibu na baba. Nilitaka kumtazama uso, lakini Beornmod akanishika mkono, kwa upole kabisa, akaniambia farasi walimkanyaga, na kwamba ni heri mtu amkumbuke nduguye kwa uso wa mwisho aliouona akiwa hai. Jeneza lilikuwa limeshapigwa misumari. Nikakubali.

Basi sasa mimi ndiye mfalme. Cheka, nakupa ruhusa. Miaka kumi na mmoja nimelelewa na watawa, nimefundishwa kunakili zaburi na kufuga nyuki, kwa kuwa kitindamimba wa mfalme hana kazi nyingine. Upara wa kitawa bado uko utosini. Waliponivika kofia ya chuma ya baba iliteleza mpaka puani, na wazee wa baraza wote wakashikwa na kikohozi kwa wakati mmoja.

Jambo moja linanisumbua. Wale mbwa sita wa kuwindia wa Aldmer hawalali kaburini kwake, kama nilivyotarajia. Kila asubuhi wanakwenda ukingoni mwa kinamasi, wanakaa mstari mmoja, wanatazama kaskazini, upande wako. Hawabweki. Jua likikaza wanarudi kula. Beornmod ameshauri wauawe, maana wanawatia watu hofu. Nimekataa.

Niombee. Nakuandikia kwa mkono wangu mwenyewe, kwa hiyo makosa yote ni yangu.

Mdogo wako,
Tidric, mfalme (bado naona haya kuliandika)

*Alrey, Mwezi wa Matope*

Kwa mdogo wangu Tidric,

Salamu katika Kristo. Hali yangu ni nzuri kiasi, kifua kinanikumbusha mara moja moja kwamba bado ninacho. Dawa ya Kenwyn naimeza. Ina ladha ya kwato. Wewe je, umezoea kula nyama kila siku? Tumbo la mtawa halibadiliki kwa kuvikwa taji.

Aldmer nimemlia. Mimi nilikuwa na miaka saba alipozaliwa, na mama alipougua ni mimi niliyembeba mgongoni mwaka mzima. Sitaandika zaidi juu ya hilo, wino utaharibika.

Hukuniomba ushauri lakini mimi ni dada yako. Kula baada ya watu wako kupakuliwa. Msikilize mjane kabla ya tajiri, kwa sababu tajiri atarudi kesho. Na mtu aliyekupa farasi usimwachie akushikie na hatamu. Beornmod ni hodari, baba alimpenda, lakini hodari anahitaji mtu wa kumwambia hapana.

Huku nako kuna kioja kidogo. Ng'ombe wetu hawanywi tena maji ya dimbwi la kusini. Wanalizunguka mbali, wengine wanatoka mbio. Kenwyn anasema maji yamechacha. Nilikwenda mwenyewe adhuhuri, nikasimama hapo kitambo. Maji yalikuwa meusi na matulivu. Kilichonishangaza ni kwamba hakukuwa na chura hata mmoja, wala mdudu, wala ndege. Nilisikia mapigo ya moyo wangu tu, nikaondoka.

Nina swali moja. Mjumbe wako aliniambia Aldmer aliuawa siku ya Alhamisi. Mwendesha mkokoteni wetu, aliyekuwa kwenye nyumba yenu ya watawa kuchukua nta, anasema wewe uliondoka pale na Beornmod Jumatatu ya juma lile lile. Bila shaka mzee wa watu amechanganya siku. Niandikie nimtoe wasiwasi.

Dada yako,
Hildrun

*Stanmere, Mwezi wa Maziwa, mwaka wa tatu*

Dada mpenzi,

Salamu nyingi na samahani nyingi zaidi. Ni zaidi ya miaka miwili sijakuandikia na sina udhuru ila kazi. Natumai u mzima. Sisi huku hatujambo, tena zaidi ya hatujambo.

Wajua tuliwapiga watu wa magharibi pale pale kivukoni. Beornmod alipanga vita, mimi nilikaa juu ya farasi nikijitahidi nisianguke. Tangu hapo mpaka uko kimya, nchi inalima, barabara zinapitika. Watu wananiita Tidric Mpole, na sidhani ni kejeli. Nimemwoa Wulfwyn, binti Beornmod. Ni mwanamke wa maneno machache, na kila moja lina uzito wake. Wiki iliyopita amejifungua mtoto wa kiume.

Nilitaka kumwita Aldmer. Nilipolitaja jina hilo mezani, baba mkwe aliangusha pembe ya pombe ya asali, yeye ambaye sijawahi kumwona akimwaga hata tone. Akasema jina la aliyekufa vibaya lisirudishwe nyumbani. Tumemwita Eadbern.

Wale mbwa niliagiza wauawe. Walikuwa wamebaki watatu, na watu walikuwa wameanza kusema maneno.

Mwombee mwanangu.

Mdogo wako,
Tidric, mfalme

*Alrey, Mwezi wa Magugu, mwaka wa nne*

Mdogo wangu Tidric,

Salamu. Natumai wewe, shemeji yangu na mtoto hamjambo. Mimi sijambo, ila naandika kwa haraka, utaniwia radhi kwa mwandiko.

Mvua haijanyesha tangu Pasaka, hilo hata ninyi mnalijua. Dimbwi la kusini limekauka kabisa, tukaona tukate pale udongo mweusi, ule unaokaushwa na kuchomwa kama kuni, kabla ya baridi. Jumanne, adhuhuri, jua likiwa kali, Kenwyn alikuwa shimoni kimo cha mtu. Koleo lake likagusa kitu laini, kama ngozi ya kiatu kipya. Lilikuwa bega.

Tulimtoa kwa mikono. Tidric, mtu huyu hakuoza. Ngozi imekuwa nyeusi kama ya mnyama iliyolowekwa kwenye magome, nywele zimegeuka nyekundu, lakini kope zote zipo, ndevu zipo, hata mikunjo ya vidole. Amefumba macho kama mtu anayefikiri jambo. Shingoni ana kamba ya ngozi, imekazwa na kufungwa fundo kwa nyuma.

Ncha ya kidole cha shahada cha mkono wa kushoto haipo. Niliikata mimi kwa shoka nilipokuwa na miaka kumi na mbili na yeye mitano, tukipasua kuni tulizokatazwa. Tulimwambia baba ni mlango. Hakuna mwingine duniani aliyejua ila sisi wawili, na sasa wewe.

Ni Aldmer.

Watu wa magharibi wangemchoma mkuki kifuani. Huyu aliuawa na mtu aliyemruhusu kusimama nyuma yake.

Sasa niambie, mdogo wangu, ni nani mnayemsalia kando ya kanisa?

Dada yako,
Hildrun

*Stanmere*

Hildrun,

Mzike huyo mtu siku utakayopata barua hii, palepale alipotoka. Vinamasi vimejaa watu wa zamani, waliotolewa kafara kabla neno la Kristo halijafika. Kidole kimoja si ushahidi. Watawa wako wafunge midomo. Usitume tena mjumbe anayepita ukumbini, barua zije kwangu tu.

Tidric, Mfalme

*Alrey, Mwezi wa Magugu ukiisha*

Mdogo wangu,

Hukunisalimia. Katika maisha yako yote, hata ulipokuwa na miaka minane ukiniandikia kwa mkaa kwenye kipande cha gome, hukuwahi kukosa kunisalimia. Kwa hiyo mimi nakusalimu mara mbili, nikujulie hali ya mwili na hali ya roho.

Sikumzika. Tumemwosha, tumemvika kanzu ya kitani, tumemlaza kanisani mbele ya altare, chali, mikono kifuani. Hanuki. Ana harufu ya udongo uliopata mvua, na mvua hatuna.

Sikutaka kukuandikia hili linalofuata, lakini ni nani mwingine nimwambie? Kila asubuhi tukiingia kusali tunamkuta amegeuza kichwa. Tunamlaza ametazama juu, tunamkuta ametazama kusini. Siku ya kwanza niliwagombeza wanawali, nikidhani ni utundu. Siku ya pili nilifunga mlango mwenyewe, ufunguo nikakaa nao. Kenwyn, ambaye haamini jambo mpaka alionje, akasema ngozi ikikauka hujivuta, kama kiatu kilicholowa. Tukamfunga kichwa kwa kitambaa, mafundo mawili. Asubuhi kitambaa kilikuwa kimekunjwa vizuri pembeni yake. Kenwyn sasa anasali kwa sauti kubwa kuliko zamani.

Kusini ni kwenu, Tidric.

Watu wameanza kuja. Sijawaita. Wanakuja kwa mitumbwi, wanasimama mlangoni, wengine wanaita jina lake. Wanamkumbuka. Sitaweza kuwafunga midomo wote.

Nilikuuliza swali miaka mitatu iliyopita, juu ya Jumatatu na Alhamisi. Ukaniandikia habari za vita na harusi. Sasa nauliza tena. Ulikuwa unajua?

Dada yako,
Hildrun

*Stanmere, Mwezi Mtakatifu, juma la pili*

Dada yangu Hildrun,

Salamu. Nisamehe kwa barua iliyopita, na kwa majuma haya mawili ya kimya. Mwili wangu hauna ugonjwa, lakini silali wala chakula hakipiti.

Nimefukua kaburi. Nilikwenda mchana kweupe, mbele ya watu wawili wa kuchimba na padri. Beornmod alikuja akasimama pembeni, mikono nyuma. Hakunizuia. Aliniambia tu, "Fungua, mwanangu. Ila ukishafungua hutaweza kufunga."

Tukang'oa misumari. Ndani mlikuwa na magunia matatu ya shayiri, yamefungwa pamoja yapate uzito na umbo la mtu. Na shayiri hiyo ilikuwa imeota. Miaka minne chini ya ardhi, bila jua, imetoa machipukizi meupe marefu kama nywele za bikizee, yamejaza jeneza pande zote mpaka kwenye kifuniko. Yalikuwa mabichi. Niliyagusa, yakanilowesha mkono. Padri alikimbia. Wachimbaji walinitazama kana kwamba mimi ndiye niliyeipanda.

Beornmod hakukana. Alisema Aldmer alikuwa anakwenda kuinamisha kichwa kwa mfalme wa magharibi, kumpa mashamba yote ya ng'ambo ya Wena, na kwamba wanaume walikufa miaka ishirini kuyalinda mashamba hayo. Akasema alimpenda kama mwana. Akasema hakumruhusu mtu mwingine amguse, alifanya mwenyewe, kwa heshima, kisha akamzamisha kwenye dimbwi lenu ili kamba ile isionekane shingoni. Kisha akanigeukia: "Na wewe ulidhani taji lilianguka kutoka mtini?"

Sasa nakujibu swali lako, dada. Mwendesha mkokoteni wako hakuchanganya siku. Beornmod alikuja kwetu Jumatatu, Aldmer akiwa hai. Alinikuta kwenye mizinga ya nyuki. Alisema kaka yangu yuko katika hatari na huenda nchi ikanihitaji, nijiweke tayari. Akanipa viatu vya kupandia farasi, vya ngozi laini, vipya. Nikavivaa. Vilinikaa barabara.

Mimi nilikuwa mtawa wa makubadhi, Hildrun. Mguu wangu haujapimwa na fundi yeyote. Mtu alikuja akapima nyayo zangu kwenye matope ya bustani, wiki kadhaa nyuma, akavishona. Niliyaelewa hayo palepale, viatu vikiwa mguuni. Ningeweza kuuliza. Ningeweza kupanda farasi yule yule nikamwahi Aldmer njiani, siku tatu zilitosha. Sikuuliza. Nilisema asante.

Kwa hiyo, nilijua? Niliacha kujua. Nimekaa miaka minne nikiacha kujua, na nchi imeneemeka.

Sasa sikiliza. Beornmod amechukua mashua na watu kumi na wawili, anakuja kwako kuuchoma mwili. Nimeshindwa kumzuia, askari ni wake kabla hawajawa wangu. Mfiche Aldmer. Mjumbe huyu nimempa farasi wangu bora, namwomba Mungu afike kabla ya Beornmod.

Mdogo wako,
Tidric

*Alrey, Mwezi Mtakatifu, juma la tatu*

Mdogo wangu Tidric,

Salamu zote. Mimi ni mzima. Watawa wote ni wazima, hakuna aliyeguswa. Naanza na hilo ili utulie.

Mjumbe wako alifika akitanguliwa na Beornmod kwa nusu siku. Hatukuwa na nafasi ya kumficha mtu, na nadhani nisingemficha.

Walifika adhuhuri, kinamasi kikiwa kimetulia na jua juu ya vichwa. Beornmod alishuka na shoka na kopo la mafuta. Nilisimama mlangoni mwa kanisa. Aliniamkia kwa adabu, akaniita Mama Mkuu, akaniomba nipishe. Nikamwuliza kama anaogopa kumtazama. Akacheka kidogo, akasema amewatazama wengi. Nikampisha. Aliwaambia watu wake wangoje nje, akaingia peke yake, akavuta mlango.

Tuliokuwa nje tulikuwa watu ishirini na zaidi, kwa hiyo sitakuwa shahidi pekee. Tulimsikia akitembea mpaka mbele. Kisha akaanza kusema, kwa sauti ya kawaida, sauti ya mtu aliyeulizwa swali na mkubwa wake. Alikuwa akisema, ananyamaza kwa muda wa kutosha mtu mwingine kusema, halafu anajibu. "Ndiyo, bwana." Kimya. "Hapana, hakuna aliyenituma." Kimya kirefu. "Farasi wako nilimwachia aende." Sauti ya pili hatukuisikia. Watu wake walianza kutazamana. Mmoja akafanya ishara ya msalaba, mwingine ile ishara ya miungu ya zamani.

Halafu akasema jambo ambalo lazima nikuambie. Alisema, "Si mimi peke yangu. Viatu nilimpelekea." Kimya. "Hapana, bwana. Hakuuliza." Kimya tena. "Atakuja mwenyewe."

Alitoka bila shoka na bila mafuta. Uso wake haukuwa na hofu, na ni hilo lililonitisha. Alipita katikati yetu bila kumtazama mtu, akaelekea kusini, akaingia pale penye dimbwi tulikomtoa Aldmer. Hakwenda haraka wala polepole. Mkono wake wa kulia alikuwa ameunyoosha mbele kidogo, kama mtoto anayeongozwa. Watu wake walimwita kwa jina, kwa cheo, mmoja akamwita baba. Hakugeuka. Maji yalimfika magotini, kiunoni. Kiangazi kimelikausha dimbwi lile, Tidric, mimi mwenyewe nimetembea pale kwa miguu mikavu asubuhi ile. Lakini yeye tulimwona anazama, hatua kwa hatua, na mwisho hakukuwa na kitu juu isipokuwa udongo mkavu na mipasuko yake.

Wamechimba siku mbili. Hawajapata hata mshipi.

Mfikishie Wulfwyn pole yangu. Ni baba yake.

Dada yako,
Hildrun

*Stanmere, Mwezi Mtakatifu, juma la nne*

Dada yangu,

Salamu. Wazee wa baraza wanasema yote yamekwisha: mwenye hatia kajipeleka, tumjengee Aldmer kaburi la fahari, mimi nibaki mfalme bila doa. Wanasema kwa nia njema, na hawajui habari za viatu.

Nimemweleza Wulfwyn kila kitu. Alinisikiliza mpaka mwisho akimnyonyesha mtoto. Alisema, "Nilijua baba ana jambo. Sikujua na wewe unalo." Tangu hapo hajasema neno.

Ninakuja.

Tidric

*Alrey, Mwezi wa Mwezi-mpevu, siku ya tisa. Barua hii imepitishwa chini ya mlango wa kanisa*

Mdogo wangu,

Salamu, ingawa kati yetu kuna ubao tu. Umeingia humo Jumapili, leo Jumanne. Mkate tunaoweka mlangoni tunaukuta asubuhi umeliwa, namshukuru Mungu. Nikigonga hujibu. Najua kusoma bado unaweza.

Mjumbe amefika kutoka Stanmere. Mfalme wa magharibi amesikia kwamba Beornmod hayupo na ametuma watu kuuliza nani anatawala. Baraza halijui la kujibu. Shemeji yangu amekuja na mtoto, wako jikoni, amekaa karibu na moto na bado hasemi. Lakini aliposikia uko humu alisogeza kigoda kikaelekea mlango.

Sitakutisha, nitakuambia tu nilichosikia. Beornmod alipokuwa humo tulisikia sauti moja. Leo asubuhi nilipita na ndoo ya maji nikasikia mbili. Yako ilikuwa inalia. Nyingine ilikuwa ya chini, ya taratibu, inakosea ile herufi ya mwanzo ya jina lako kama alivyoikosea tangu utotoni. Kenwyn alikuwa nami na ndoo yake, akaiangusha. Mimi sikuogopa. Sauti ile, Tidric, ni mimi niliyeifundisha kusema.

Mwulize anataka tumzike wapi. Na wewe mwulize anataka nini kwako, kisha utoke.

Dada yako,
Hildrun

*(kwa nyuma ya ngozi ileile)*

Dada,

Salamu kutoka kwetu.

Nimemwuliza. Anataka kubaki hapa kwenu, ila pakavu. Upande wa bustani, alisema, lakini si karibu na nyuki, hakuwahi kuwapenda.

Nilidhani atataka nife, nikamwambia niko tayari. Akasema kufa ni kazi ya dakika moja, na kwamba nimezoea mno kukaa kimya, nikifa nitaendelea. Anataka nirudi nikaseme.

Leteni koleo. Nitachimba mwenyewe.

Tidric

*Bandari ya Selwic, Mwezi wa Damu*

Dada yangu mpenzi Hildrun,

Salamu nyingi zisizo na idadi, wewe, Kenwyn na watawa wote. Mimi ni mzima. Miguu ina malengelenge, kwa kuwa natembea peku; ndivyo baraza na padri walivyoamua. Kifua chako kinaendeleaje na hii baridi? Usiwape watu dawa yako.

Kesho, upepo ukikubali, navuka bahari niende Rumi kwa miguu kama mtubu, bila chuma mwilini, hata kisu cha mkate. Sitarudi Stanmere maisha yangu yote. Eadbern ndiye mfalme, na mama yake pamoja na baraza watamlea mpaka ashike upanga. Mfalme wa magharibi ameapishana nao amani, mashamba ya ng'ambo yagawanywe nusu kwa nusu. Ni jambo lile lile Aldmer alilokuwa akiliendea siku ile.

Wulfwyn alinisindikiza mpaka langoni. Hakunikumbatia. Alimnyanyua mtoto akaniambia, "Mtazame vizuri." Nikamtazama. Nadhani hiyo ndiyo huruma aliyokuwa nayo, na ilikuwa nyingi.

Nataka nikueleze siku ya baraza, kwa kuwa utasikia mengi na nataka usikie kwangu.

Ilikuwa adhuhuri, milango yote miwili ya ukumbi iko wazi ili mwanga uingie. Watu walijaa mpaka nje. Nilikuwa nimekaa kwenye kiti cha baba, nimevaa kila kitu, taji, mshipi, pete. Nikasema. Nilianza na mizinga ya nyuki, nikaja kwenye viatu, nikasema siku tatu zile nilizokuwa nazo nikazitumia kujifunza kupanda farasi. Nikawaeleza shayiri. Sikumlaumu Beornmod zaidi ya haki yake. Nilisema, "Kaka yangu aliuawa na mtu mmoja aliyefanya na mwingine ambaye hakuuliza, na huyo wa pili mmemvika taji."

Nilipomaliza nikangoja. Nilitegemea kelele, au jiwe. Kisha nikaona kwamba hakuna hata mmoja anayenitazama. Wote, wazee kwa vijana, walikuwa wanatazama nyuma yao, mlango wa kaskazini. Nami nikatazama. Mlango ulikuwa wazi, jua linaingia, vumbi linaelea. Hakukuwa na mtu.

Mzee wa kwanza kwenye benchi, yule kiziwi ambaye sidhani alisikia hata nusu ya maneno yangu, akashika fimbo yake akainuka. Aliyefuata akainuka. Benchi kwa benchi, bila amri, bila neno, ukumbi mzima ukasimama na kuinamisha vichwa, kama watu wanavyosimama mfalme anapoingia.

Nikavua taji nikaliweka juu ya kiti, nikashuka, nikasimama pamoja nao.

Mdogo wako,
Tidric